Pikipiki Iliyolala Miaka Kumi na Minne

Harlan Brekke alikuwa amestaafu mwaka mzima, lakini mwili wake haukuwa umepata habari hiyo. Saa kumi alfajiri macho yalifumbuka yenyewe. Kwa miaka thelathini na saba aliendesha lori la maziwa katika bonde letu, kutoka zizi hadi zizi, mpaka kiwanda cha jibini. Sasa lori lilikuwa na dereva mwingine. Harlan alibaki na birika la kahawa na dirisha la jikoni.

Ilikuwa Aprili. Theluji ilibaki vipande vipande kivulini mwa mabanda. Barabarani ulibaki mchanga, ule unaomwagwa wakati wa baridi ili magari yasiteleze kwenye barafu. Asubuhi ile ilipita pikipiki ya kwanza ya mwaka. Harlan aliisikia kutoka mbali. Ilishuka mlima, ikavuka daraja, ikapotea upande wa mto. Kahawa ilipoa mkononi mwake.

Mkewe, Maxine, aliingia jikoni akiwa amevaa tayari kwenda kazini. Alikuwa mpishi wa shule. Alimwangalia mumewe, kisha akaangalia dirisha.

"Umeisikia," alisema.

"Nimeisikia."

"Basi kunywa kahawa yako. Haitarudi kukuchukua."

Alisema kwa utani, lakini alijua. Kwenye mlango wa friji palikuwa na picha ya mwaka 1979. Harlan ana nywele nyingi, Maxine ana jinzi iliyopauka, na nyuma yao imesimama pikipiki kubwa ya safari, nyekundu iliyoiva, yenye mstari wa rangi ya maziwa.

Aliyewahi kukaa juu ya pikipiki ya namna ile anaijua. Unakaa kama kwenye kiti cha sebuleni, miguu mbele, mgongo umenyooka. Ina masanduku mawili pembeni, kioo cha kukinga upepo, na kiti kipana cha mwenzako nyuma. Haikuundwa kwa ajili ya haraka. Iliundwa kwa ajili ya mbali.

Nao walikwenda mbali. Walikuwa na pikipiki kabla ya kuwa na meza ya kulia chakula. Ijumaa jioni walisafiri maili arobaini kula samaki wa kukaanga, ingawa samaki walikuwepo hapa hapa mjini. Walilala kwenye hema katika nyika za Dakota. Walinyeshewa, wakakauka kwa upepo, wakanyeshewa tena, wakacheka.

Mwaka 1980 walianguka. Ilikuwa kwenye kona ya kokoto, karibu na shamba la mahindi. Harlan alichubuka. Maxine alivunjika mtulinga. Watu walipouliza, Harlan alijibu, "Kokoto zilitutupa." Alijibu hivyo kwa miaka thelathini na tisa.

Mwaka uliofuata walipata binti, na pikipiki ikauzwa kwa mtu wa Iowa. Harlan alisimama kando ya barabara mpaka sauti yake ikaisha kabisa. Maxine hakupanda pikipiki tena.

Sasa binti alikuwa mtu mzima, anaishi mbali. Majira yote ya baridi Harlan alimwomba mkewe. Wanunue pikipiki iliyotumika. Waende tena, wawili tu, kabla magoti hayajakataa. Mwezi Machi Maxine alimjibu.

"Nitapanda mara moja," alisema. "Ukiniogopesha siku hiyo, Harlan, hakuna siku ya pili. Na hutanibembeleza tena maisha yangu yote."

Harlan alikubali. Alijua mkewe hasemi neno mara mbili.

*

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye duka la chakula cha ng'ombe. Pikipiki ya safari ya mwaka 2001, imetembea maili elfu kumi na moja tu, imetunzwa ndani. Mwenyewe alikuwa Wendell Stroik, mzee wa miaka sabini na minane, anayeishi maili kumi na mbili kutoka hapo.

Harlan alikwenda siku hiyo hiyo, peke yake. Mzee Wendell alimkaribisha kwanza jikoni. Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni akija kununua kitu, hukimbilii kitu. Unampa kahawa na kipande cha keki, mnazungumza juu ya mvua na bei ya maziwa, halafu ndipo mnatoka nje. Harlan alikula vipande viwili vya keki ya tofaa.

Kisha mzee alifungua mlango wa banda, akavuta turubai.

Ilikuwa nyekundu iliyoiva, yenye mstari wa rangi ya maziwa.

Vyuma viling'aa kama vijiko vya harusi. Mzee Wendell alieleza kwamba ameshaiwasha mapema, ili mgeni asipate taabu. Alibonyeza kitufe, injini ikaitika mara moja. Sauti ilijaa bandani, nzito, ya polepole. Harlan alikaa kwenye kiti, akashika usukani. Kwa dakika hizo alikuwa na miaka ishirini na minne, na mtu fulani alikuwa amemkumbatia kiunoni.

Hakugusa breki. Hakuinama kuangalia chini. Hakuomba hati. Angewezaje? Amekula keki ya mtu, amekaa mezani pake, kisha alale sakafuni na tochi akitafuta kasoro? Katika bonde letu hilo ni kama kumwita mwenye nyumba mwizi. Nasema wazi, adabu hiyo imeshawauzia watu wetu magari mabovu mengi kuliko wauzaji waongo wote.

Walipeana mkono. Harlan aliahidi kurudi Jumamosi na hundi.

*

Nyumbani alimweleza Maxine kila kitu, yaani rangi, sauti, mstari, na jinsi vyuma vinavyong'aa. Maxine alisikiliza huku akimenya viazi. Kisha aliuliza tairi zikoje.

"Zina meno kama mpya," Harlan alijibu.

"Breki?"

"Mzee ni mtu safi, Max."

"Sikuuliza habari za mzee."

Maxine aliweka kisu chini, akafuta mikono, akatoka. Alivuka uwanja mpaka kwa jirani yao, Dee Wachter. Dee alikuwa fundi wa matrekta, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mwisho wa wiki alifundisha watu kuendesha pikipiki, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa chuo cha ufundi.

Dee alikuja, akaketi, akauliza maswali. Je, injini ilikuwa baridi au moto Harlan alipofika? Tairi ni za mwaka gani? Mafuta ya breki yana rangi gani? Hati ina jina la nani? Kwa kila swali Harlan alijibu kwamba hajui. La mwisho lilipoisha, masikio yake yalikuwa mekundu. Alisema kwamba yeye si mtu wa kumvunjia heshima mzee wa watu.

"Ukinunua ng'ombe wa maziwa," Dee alisema, "hukami chuchu zote nne kwanza?"

"Nakama."

"Mbele ya mwenyewe?"

"Mbele ya mwenyewe."

"Na keki yake umeshakula?"

Maxine aligeukia dirishani ili asionekane anacheka.

"Tumeshapeana mkono, Dee," Harlan alisema mwishowe. "Neno ni neno."

"Mlipeana mkono juu ya bei. Hamkupeana mkono juu ya breki." Dee alisimama. "Kuuliza si kutukana, jirani. Wewe huendi kununua picha yenu ya friji. Unanunua chuma cha kilo mia tatu na hamsini, na mkeo atakaa juu yake."

Kabla ya kuondoka alimwomba namba ya simu ya Mzee Wendell. Alimpigia palepale, akajitambulisha vizuri, akamwomba jambo moja. Jumamosi asiiwashe pikipiki. Waikute baridi.

*

Jumamosi walikwenda watatu. Kulikuwa na kahawa na keki, nao walikula. Kisha Dee alimweleza mzee kwa upole kwamba angependa kuikagua pikipiki yote, kila mahali, na kwamba angefanya hivyo hata kama ingekuwa ya mama yake. Mzee Wendell alisema sawa. Hakuonekana kuudhika hata kidogo. Harlan alishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi.

Dee aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi.

"Sasa iwashe," alimwambia Harlan.

Harlan alibonyeza kitufe. Injini iliguna. Alibonyeza tena, na tena. Mara ya nane ilishika, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Dee alieleza kwamba injini iliyopashwa moto kabla ni kama mtu aliyenawa uso kabla ya kupigwa picha. Ukitaka kumjua, mwone akitoka kitandani. Kwa hiyo fika injini ikiwa baridi, uiguse kwanza, ndipo uiwashe.

Kisha alifungua kifuniko cha mafuta ya injini, akamwonyesha Harlan upande wa ndani. Ulikuwa na utando wa rangi ya kahawa yenye maziwa.

"Maziwa unayajua," Dee alisema. "Haya si maziwa. Ni maji yaliyochanganyika na mafuta." Alimgeukia mzee. "Bwana Stroik, wakati wa baridi huwa unaiwasha?"

Mzee Wendell alijibu kwa fahari kidogo. Kila Jumapili isiyo na baridi kali aliiwasha dakika tano, ili isilale sana. Baba yake alifanya hivyo kwa trekta. Kila mtu anafanya hivyo.

"Ndiyo," Dee alisema, "kila mtu bondeni anafanya hivyo, na kila mtu anakosea."

Alieleza pole pole. Injini inapowaka, inatoa mvuke wa maji. Ikitembea mbali inapata moto kamili, na mvuke unatoka wote. Ikiwaka dakika tano tu katika baridi, mvuke unageuka maji ndani yake, unakaa kwenye mafuta na kwenye bomba la moshi. Vyuma vinaanza kuliwa kutoka ndani, huku nje viking'aa. Njia sahihi ni nyingine. Kabla ya theluji, badilisha mafuta ya injini. Jaza tanki la petroli, utie na dawa ya kuitunza isiharibike. Toa betri, iweke mahali pasipoganda. Kisha funika pikipiki, uiache ilale mpaka Aprili. Usiiamshe.

Mzee Wendell aliangalia sakafu.

"Sikuwa naiwasha kwa ajili ya injini tu," alisema. "Nilikuwa naisikiliza."

Dee alipiga goti kando ya gurudumu la mbele. Tairi lilikuwa na meno marefu, kama Harlan alivyosema. Lakini Dee aliminya ubavu wake kwa kidole gumba, na mistari midogo ikafunguka, kama udongo mkavu. Alimwita Maxine, akampa tochi. Alimwonyesha duara dogo lenye tarakimu nne, akamwambia asome.

"Mbili, mbili, sifuri, tano," Maxine alisoma.

"Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya ishirini na mbili, mwaka elfu mbili na tano. Meno ya tairi yanakuambia limetembea kiasi gani. Tarakimu hizi zinakuambia limeishi kiasi gani. Mpira unazeeka hata ukikaa ndani. Unakuwa mgumu, haushiki lami. Likifika miaka mitano, likaguliwe kila mwaka. Likifika kumi, litupwe hata kama lina meno yote."

Miaka kumi na minne. Harlan aliwaza kona, na mkewe nyuma.

"Ni kiangazi kile," Mzee Wendell alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Adeline na mimi tuliifunga tairi mpya, tukazunguka ziwa lote kubwa. Siku tisa. Alifariki mwezi wa pili, mwaka uliofuata. Baadaye fundi alinishauri nizibadilishe, nikakataa. Hizo ndizo tulizokwenda nazo."

Maxine alizima tochi. Alimshika mzee mkono, wakatoka nje kidogo, wakasimama kwenye jua.

Ndani ya banda Dee aliendelea na kazi. Mafuta ya breki yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, nayo hutakiwa kuwa meupe kama maji au ya njano hafifu. Hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu, na breki hulegea ukizihitaji zaidi. Petroli ya kwenye kabureta ilinuka kama rangi ya mlango. Lakini fremu ilikuwa imenyooka. Usukani uligeuka bila kukwama. Namba ya chesisi, iliyochongwa shingoni pa usukani, ililingana na hati tarakimu kwa tarakimu. Hati ilikuwa na kasoro moja. Jina la Adeline lilikuwa bado lipo. Ofisi ya usajili ingetaka cheti cha kifo kabla ya kuhamisha umiliki, la sivyo Harlan angemiliki chuma asichoweza kukiandikisha.

"Mifupa yake ni mizima," Dee aliamua. "Iliyobaki ni kazi ya wiki tatu. Leo mngeipanda kwenda nyumbani, sina hakika mngefika."

Harlan alitoka nje kumweleza mzee. Alijikaza, maana maneno hayo kwake yalikuwa mazito kuliko pipa la maziwa. Alisema anaitaka pikipiki, lakini si kama ilivyo. Mzee apunguze gharama ya tairi na breki, ashughulikie hati, na yeye atangoja.

Mzee Wendell aligeuka, akaangalia bandani.

"Shemeji yangu aliiomba aende nayo mjini wiki iliyopita," alisema. "Nilikaribia kumpa." Alimpa Harlan mkono. "Asanteni kwa kuuliza. Mimi nisingejua."

*

Dee alifanya kazi ya wiki tatu. Zile tairi za zamani Harlan alizirudisha kwa mzee mwenyewe, na mzee alizitundika ukutani bandani, pale pikipiki ilipokuwa imelala.

Lakini Dee hakuwa amemaliza na Harlan. Alimwuliza ameendesha pikipiki lini mara ya mwisho. Harlan alitoa leseni yake. Herufi ya pikipiki ilikuwepo, ameilipia kila mara bila kukosa.

"Karatasi haijasahau," Dee alisema. "Mikono je?"

Alimweleza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wazee wanaorudi barabarani baada ya miaka mingi huumia sana. Wanakumbuka raha, hawakumbuki ujuzi. Na pikipiki za leo ni nzito na zina nguvu kuliko za ujana wao. Alimwandikisha kwenye mafunzo ya siku mbili.

Harlan alikwenda akinung'unika. Wanafunzi wengine walikuwa na miaka kumi na tisa. Walipewa pikipiki ndogo, za kuzunguka koni ndogo za plastiki zilizopangwa uwanjani. Mara ya kwanza injini ilimzimikia mbele ya wote, na msichana mmoja mwenye nywele za kijani alimfariji. "Usijali, mzee, klachi inazoeleka." Mzee huyo alikuwa ameendesha lori la magurudumu kumi na nane kwa miaka thelathini na saba.

Alasiri walijifunza kusimama kwa haraka. Dee alipuliza filimbi, Harlan akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma lilijifunga, likateleza pembeni. Alishuka kwenye pikipiki.

"Mkono wa kulia haukugusa breki ya mbele," Dee alisema.

Harlan alieleza kwamba zamani vijana waliambiana hivyo. Breki ya mbele itakurusha juu ya usukani, usiiguse. Dee alitikisa kichwa. Nguvu nyingi ya kusimama iko mbele, alisema. Tumia zote mbili. Ya mbele uiminye taratibu ukiongeza, kama unavyokamua chungwa, usiinyakue. Simamisha pikipiki ikiwa imenyooka. Kona unaipunguzia mwendo kabla ya kuingia. Ukishaingia na kulala, ukikanyaga ya nyuma kwa hofu juu ya kokoto au mchanga, gurudumu linakukimbia.

Harlan alisimama uwanjani, helmeti mkononi. Aliona shamba la mahindi.

Jioni ile alimkuta Maxine akikunja nguo. Hakukaa.

"Max," alisema. "Ule mwaka. Si kokoto. Niliingia kwenye kona na kasi, nikaogopa, nikakanyaga breki ya nyuma. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Maxine aliendelea kukunja shati mpaka likaisha.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nyuma yako, Harlan. Niliona mguu wako."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Kokoto haziwezi kujifunza," Maxine alisema. "Nilingoja uniambie ni wewe."

Harlan alikaa kitandani, juu ya nguo zilizokunjwa. Maxine hakumfukuza. Baadaye alimwuliza huyo Dee amewafundisha nini kuhusu mtu wa nyuma, na Harlan alimweleza yote. Mtu wa nyuma hapandi wala kushuka mpaka aambiwe. Miguu haitoki kwenye vyuma vya kukanyagia hata pikipiki ikisimama. Kwenye kona anaangalia juu ya bega la dereva, bega la upande mnakokata kona, na mwili unafuata wenyewe. Anavaa kama dereva, yaani koti gumu, glavu, viatu vinavyofunika kifundo, na helmeti. Sheria ya kwetu haimlazimishi mtu mzima kuvaa helmeti. Lami nayo haijasoma sheria.

*

Mwezi wote wa Mei Harlan aliendesha peke yake. Kwanza barabara ya nyumbani, kisha hadi mjini, kisha milimani. Alijifunza uzito wa ile pikipiki. Kisha Dee alikaa nyuma kwa maili ishirini, ili Harlan azoee mtu wa pili. Dee alisema Harlan amefaulu, ila aache kuangalia mashamba ya watu.

Siku ya Maxine ilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni. Waliamua kwenda kwenye mji mdogo kando ya mto, pale panapouzwa keki za matunda. Maili arobaini na tano. Harlan alikagua upepo wa tairi, taa, breki. Alipanda, akaisimamisha wima, akasema sasa. Maxine alipanda. Mikono yake ilimzunguka kiunoni.

Barabara ya mto ilikuwa ile ile. Miamba upande mmoja, maji upande mwingine, harufu ya nyasi zilizokatwa ikiwapiga usoni kwa mawimbi, baridi penye kivuli, joto penye jua. Harlan alipunguza mwendo kabla ya kila kona. Kwenye kona ya tatu alihisi kidevu cha mkewe begani, upande sahihi. Kwenye kona ya saba alihisi mikono yake imelegea. Alikuwa anaimba kitu. Upepo ulichukua maneno, ukaacha sauti.

Baada ya maili kama thelathini, kulungu aliruka kutoka vichakani.

Alikuwa jike mkubwa. Alisimama katikati ya barabara, akawaangalia. Hakukuwa na muda wa kuwaza. Mkono wa kulia ukaminya, ukaongeza. Mguu ukakanyaga kidogo tu. Pikipiki ilibaki imenyooka kama kamba iliyovutwa. Tairi zilishika lami. Maxine alimgandamiza mgongoni kwa uzito wake wote. Wakasimama.

Kulikuwa na hatua nne kati ya gurudumu na kulungu. Aligeuza masikio, akavuka bila haraka, akaingia mtoni kunywa maji.

Harlan alisogeza pikipiki kando, akazima injini. Alikumbuka neno la Machi. Alijua limefika, naye hakuwa na la kujitetea. Mkewe ameogopa, hiyo ni kweli, hata mikono yake bado ilikuwa imemkaza kiunoni.

"Tugeuze?" aliuliza. Hakuthubutu kugeuka kumwangalia.

Maxine alifungua kioo cha helmeti. Alipumua mara mbili.

"Safari hii umetumia zote mbili," alisema.

"Nimetumia zote mbili."

"Nimehisi." Alifunga kioo. "Hukuniogopesha wewe, Harlan. Kaniogopesha kulungu. Washa, tuwahi kabla keki za cheri hazijaisha."

Waliwahi. Walikula ya cheri na ya tofaa, wakarudi kwa njia ndefu. Kabla majani hayajaanguka mwaka ule, walikuwa wametembea maili elfu tatu na mia nne. Mzunguko wa ziwa kubwa waliufanya kwa siku tisa, na kila jioni Maxine alimpigia simu Mzee Wendell, akamwambia wamelala wapi.